Filta Iliyoanikwa na Kifumbu

Asubuhi moja hainitoki akilini, mwanangu, na miaka yote hii imeshindwa kuifuta. Ilikuwa kule Pande, mikorosho imechanua, hewa ina utamu mzito wa maua, na mimi nimechuchumaa uani na bisibisi mkononi, najiona fundi kuliko mafundi. Kwenye kamba ya nguo mbele yangu vinaning'inia vitu viwili: kifumbu cha mama cha kuchujia tui la nazi, na filta ya oili ya pikipiki yangu. Vyote viwili nimevifua mimi.

Imenirudia jana, Somoe mjukuu wangu, uliponijia na filta mbili za pikipiki yako kwenye mfuko ukaniuliza, "Bibi, hapa ipi inafaa? Muuzaji kasema zote zinaingia." Nilijifanya nasinzia. Ukanifunika khanga ukatoka kwa kunyata, maskini, ukidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Leo nakujibu, na utanivumilia, maana jibu langu linapita njia ndefu.

Unajua nilikuwa bibi shamba. Nilikuwa msichana bado, mwanamke peke yangu mwenye pikipiki upande ule wote, nazunguka vijijini kuwafundisha watu kupuliza salfa kwenye mikorosho. Watoto wananikimbilia, wazee wananitikisia kichwa. Kiburi nilikuwa nacho, sikufichi. Wewe pia unacho kidogo, nimekuona unavyovaa miwani ukipanda pikipiki yako.

Mama yangu na dada yake, mama yangu mkubwa, walikuwa hawasemezani miaka saba. Waligombania mikorosho ya baba yao, mmoja akabaki Pande, mwingine kwa mumewe Kilangala, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze. Ndipo utingo wa basi la kutoka Lindi akatushushia ujumbe: mama mkubwa yu hoi, anataka kumwona mdogo wake watakane radhi. Mama akasema, "Nitapanda basi hilo hilo likirudi kesho."

Mimi nikamwambia, "Mama, basi la nini na mimi nina pikipiki? Ngoja siku moja tu niimwage oili ya zamani nitie mpya, kesho kutwa nakufikisha mlangoni." Nilitaka Kilangala nzima ione mama yangu anashushwa na binti yake. Mama akaniamini. Tukampa utingo majibu: waambie kesho kutwa adhuhuri tutakuwa hapo, tunakuja na pikipiki.

Sasa sikiliza hapa. Aliyenifundisha kuitunza ile pikipiki ni fundi mmoja wa Mitwero, Fundi Saidi, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameniambia: ukienda kununua filta, nenda na ile ya zamani mkononi, uzisimamishe pamoja. Mimi nilikuwa nimeshanunua yangu safari iliyopita, kwa kukumbuka tu. Muuzaji aliniambia, "Inaingia hiyo, dada," nikachukua.

Kweli iliingia. Lakini asubuhi ile nilipoiweka, ilikuwa fupi kwa unene wa kidole, inacheza ndani ya nyumba yake. Oili ingepita pembeni bila kuchujwa. Lindi ilikuwa mbali, oili imeshamwagika kwenye beseni, na mama ndani anasuka kifumbu kipya cha ukindu cha kumpelekea dada yake. Nikainua macho nikakiona kile cha zamani kwenye kamba. Tangu utotoni kazi yangu ilikuwa hiyo: tui likishachujwa, fua kifumbu, kamua, anika, kesho kinatumika tena. Nikajiambia, chombo cha kuchujia ni chombo cha kuchujia.

Nikaichukua filta ya zamani, nikaifua kwa mafuta ya taa, nikaikamua kwa mikono miwili kama ninavyokamua nazi, nikaitunga kwenye kamba. Wakati inakauka basi likapita barabarani kurudi Lindi, likapiga honi. Mama akatoka mpaka mlangoni akalitazama hadi vumbi likatulia. Kisha akarudi kusuka. Honi ile ningali naisikia.

Ilipokauka nikairudisha kwenye injini, nikatia oili mpya, tukaondoka alfajiri ya pili yake. Mama amekaa upande, kifumbu kipya mapajani, mkono wake mmoja kiunoni mwangu. Nakwambia, mwanangu, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Barabara nyekundu inakuja, harufu ya maua inaingia mpaka kooni, na mama yangu, aliyekuwa akiiogopa pikipiki, anaimba kwa sauti ya chini mgongoni kwangu. Nikatamani njia isiishe.

Ikaisha mapema. Kwanza injini ilinung'unika, kisha ukatoka mlio mkavu wa chuma kusaga chuma, gurudumu la nyuma likakwama, tukaserereka mpaka kwenye nyasi. Hatukuumia. Nikapiga kiki, kiki haishuki. Nikajua imekufa.

"Itapoa?" mama akauliza.

"Itapoa, mama."

Nilimdanganya. Tukakaa pembezoni mwa shamba la watu, na saa zile zikawa si saa za duniani. Jua limesimama, nyuki wanavuma juu yetu, barabara tupu inatetemeka kwa joto. Mama akawa anasinzia na kuamka, na kila akiamka ananisimulia kitu cha dada yake: walivyokuwa wakigombea kukamua tui walipokuwa wadogo, dada alivyokuwa akimwachia machicha ya nazi ayatafune kwa siri. Alikuwa anacheka. Kwa mara ya kwanza nikamwona mama yangu msichana. Adhuhuri ikapita, nami nikawa naomba lori, naomba baiskeli, naomba chochote.

Lori la mkaa lilituokota alasiri. Tulipofika Kilangala jua lilikuwa linaegemea magharibi, na majamvi yameshatandikwa uani. Hadija, binti wa mama mkubwa, akaja mbio akamkumbatia mama.

"Mama mdogo, ametuacha muda si mrefu," akasema. "Tangu adhuhuri alikuwa anatunyamazisha watu wote humu ndani. Anatuambia, nyamazeni, nasikia pikipiki."

Mama aliingia pamoja na wanawake kumwosha. Mimi nilisimama mlangoni, nikamwona ameinama kwenye sikio la dada yake anamnong'oneza. Alinong'oneza muda mrefu sana. Miaka saba ina maneno mengi.

Baadaye Fundi Saidi aliifungua ile injini. Akatoa vipande vya karatasi vilivyoziba tundu la oili, laini kama machicha, akaniwekea kiganjani. Karatasi ilikuwa imechanika nilipoikamua. Nikamweleza kila kitu, kamba, kifumbu, mafuta ya taa. Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. "Binti," akasema, "kifumbu ni ukindu. Hii ni karatasi."

Mama hakunilaumu hata siku moja, mpaka anaingia kaburini. Angenilaumu ningepata nafuu.

Basi filta zako, Somoe. Sijui ipi inafaa, na muuzaji hajui, mpaka uende na ile inayotoka kwenye pikipiki yako. Zisimamishe pamoja. Tazama urefu, unene, na tundu. Bonyeza mpira wa kila ncha, usiwe mkavu wala legelege. Mikunjo ya karatasi iwe imepangana, isiwe imebonyea. Ukiiweka isicheze, na uangalie upande wa tundu unatazama wapi kabla ya kufunika, maana ikigeuzwa ni balaa jingine. Ya zamani ukishaitoa, itupe. Usiifue. Na kama inayofaa haipo, pikipiki ilale, wewe panda basi, tena ufurahi.

Kuingia si kufaa, mwanangu. Hilo nimelijua kwa filta, nikaja kuliona kwa mengi mengine ambayo sitakuhesabia leo. Na mtu aliyekupa safari yake umbebee, usimwekee kitu cha kubahatisha kwa kuwa unaona aibu kusema bado siko tayari.

Siku hizi bodaboda zinapita hapa nje mchana kutwa. Kila moja ikipita nanyamaza kidogo, umeshaniona na ukadhani nimesahau nilichokuwa nasema. Nakuwa nasikiliza kwa niaba ya mama mkubwa.

Nenda salama, mjukuu wangu. Mola akulinde na barabara na kiburi. Na kila uendako, anayekungoja akisema nyamazeni, nasikia pikipiki, Mola ajaalie iwe ni wewe kweli.