Khanga ya Pasaka

Marehemu Baba Generosa, Mungu amrehemu, alikuwa mchekecha almasi wa Maganzo aliyeamini kwamba mchezo wa karata wa poka ni hesabu. Mkesha wa Pasaka alishika kopa nne, akiisubiri ya tano ili ashinde. Mezani palikuwa na shilingi arobaini. Mfukoni alibakiwa na tano za khanga ya mkewe, Klara.

“Unaweka, au unasali novena?” Donatus, mchezaji mwenzake, alimtania.

“Kila karata tano, moja ni kopa. Nikiweka mara tano natoa ishirini na tano. Nikipata mara moja tu, navuta arobaini.”

Akaweka. Ikaja shupaza.

Nyumbani alimweleza Klara hesabu yote.

“Ni sahihi kabisa, Baba Generosa. Kesho kanisani nitajifunga hiyo hesabu.”

Kesho yake Klara alitangulia na khanga yake kuukuu. Naye alifuata nyuma, akiwa na hakika bado kwamba hakukosea.