Kamera Mbili na Tembo wa Mbulumbulu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikisikia mabua ya mahindi yakivunjika, mate hunikauka kinywani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kamera za dijitali ndiyo kwanza zinaingia. Tembo walikuwa wakitoka msitu wa Ngorongoro na kumaliza mashamba yetu ya Mbulumbulu, na ofisa wa wanyamapori alitaka picha ndipo atuamini. Majirani wakanituma Arusha kununua kamera.

Dukani niliwekewa mbili juu ya kioo. Moja nyeusi, nene, ya betri za tochi. Megapikseli tatu tu, lakini ilivuta kitu cha mbali mara kumi. Nyingine rangi ya fedha, nyembamba kama sabuni inayokwisha. Megapikseli tano, kioo kikubwa nyuma, ikivuta mara tatu. Mimi mtu wa utaratibu, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, nikaweka alama za vema kila upande. Ya fedha ikashinda.

"Braza, hiyo nyeusi ni ya babu," muuzaji akacheka. "Hii ndiyo habari ya mjini."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliijua, ila kijana akitajiwa mjini masikio huziba.

Wiki haikuisha. Kumepambazuka, ukungu mzito, jirani yetu Mzee Baha akanigongea. "Yumo kwenye mahindi yangu. Njoo na hicho kidude chako."

Kutoka ukingoni mwa shamba, tembo kwenye kioo alikuwa kama punje ya ulezi. Nikavuta mpaka mwisho, akawa kama mbuzi. Ofisa gani angeamini? Nikasogea.

"Rudi, wee!" mzee alinong'ona.

Nikasogea tena, hadi nikasikia tumbo la mnyama likinguruma. Nikabonyeza. Kwa giza la ule ukungu, kamera ikawasha flashi yenyewe.

Masikio ya tembo yakafunguka. Sikumbuki kugeuka. Nakumbuka Mzee Baha akinivuta shati, tukaporomoka mferejini, yeye chini yangu. Ardhi ilitetemeka mashavuni mwetu. Udongo wa ukingo ukatumwagikia, kisha pumzi ikasimama juu yetu, nzito, ya moto. Nilisali sala ambayo sikuwa nimeigusa tangu kipaimara. Muda mrefu sana, mwanangu. Halafu mabua yakaanza kuvunjika, safari hii kuelekea msituni.

Mguu wa mzee ulikuwa umevunjika. Tukingoja gari la kumpeleka hospitali Karatu, alitaka kuiona picha. Ilikuwa ukungu mweupe na jani moja la mhindi. Alicheka huku ameuma meno.

"Kijana, ulizishindanisha kamera zenyewe kwa zenyewe. Tembo ulimuuliza?"

Nikaizima kamera.

"Wanasema mchagua jembe si mkulima," akaendelea. "Waliosema hawajalima jirani na msitu."

Alichechemea mpaka tulipomzika, na hakunilaumu tena hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujanunua chombo, simama kwanza pale utakapokitumia. Jiulize utakuwa mbali kiasi gani, mwanga utakuwaje, na kikishindwa ataumia nani. Ndipo uende dukani ukalinganishe. Na ukishanunua, ukagundua umekosea, rudi nyuma mapema. Aibu haivunji mfupa.

Mungu akujalie watu wa kukuvuta shati, na akuepushe kuwavunja miguu.