Mtihani wa Dada na Matone ya Shosho

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Bahati kumwona mama, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai, jirani yetu akaingia na binti yake. Binti amemaliza kidato cha nne na anataka kufanya mtihani wa kuingia chuo kimoja cha ng'ambo. Walikuja na karatasi ya ada, wakaomba niwasomee polepole, waelewe kila kitu kinagharimu nini. Nikaanza. Ada ya kujiandikisha. Ada ya kuchelewa. Ada ya kutuma matokeo. Nilipofika kwenye mstari wa ada ya kurekebisha jina, sauti ilinikauka. Jirani alidhani ni kikohozi, akaniambia ninywe chai kwanza. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa nimeogopa vile vile nilivyoogopa nikiwa darasa la sita, na nilishangaa kwamba woga ule bado unanijua.

Acha nikueleze, maana jirani sikumweleza.

Wakati huo nyumbani tulikuwa wanne: mama, shosho, dada yangu na mimi. Baba alikuwa Salgaa, akiziba matairi ya malori kando ya barabara kuu, na alikuja nyumbani Jumapili mojamoja, mikono ikinuka mpira hata baada ya kuoga. Shosho alikuwa mama yake baba. Shamba letu lilikuwa upande wa juu, ambako mwezi wa saba ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na ng'ombe humwoni, unamsikia tu akitafuna. Kazi zangu zilikuwa kuokota kuni, kuchambua maharagwe ya githeri na kupeleka maziwa barabarani. Lakini kazi niliyoipenda ilikuwa ya jioni, jua likielekea kuzama: kumdondoshea shosho dawa ya macho.

Alikuwa na presha ya macho. Daktari wa mjini Nakuru alimwambia kwamba dawa ile haiponyi, inazuia tu giza lisisonge mbele, na kwamba akiiacha, kitakachopotea hakitarudi. Shosho aliyarudia maneno hayo kwa sauti nzito ya daktari ili nicheke. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akainua uso, nami nikavuta kope kwa kidole gumba. Tone moja kulia, tone moja kushoto. Alinuka moshi na maziwa. Chupa yenyewe ilikuwa fupi kama kidole changu, na kuinunua kulimaliza pesa za mayai ya kuku wake za mwezi mzima.

Dada alipopata alama nzuri za kidato cha nne, mwalimu wake alimwambia kuna chuo ng'ambo kinachowalipia wanafunzi kila kitu, karo na chakula na malazi, mradi wapite mtihani wa kuingia. Kila kitu, isipokuwa mtihani wenyewe. Huo ulikuwa wa kulipiwa, tena kwa dola, na ulifanyiwa Nairobi kwenye kompyuta. Mama alisikia neno dola akaendelea kumenya viazi.

Hapo ndipo tulipoanza kunywa strungi. Maziwa yote yaliuzwa, hata yale ya kikombe kimoja ya kuweka rangi kwenye chai. Viazi vilichimbwa kabla ya kukomaa, vidogo kama mayai ya kwale, na mnunuzi alivitazama kwa dharau kabla ya kutaja bei yake. Baba alikuwa anaweka pesa za kununua mashine yake ya kupuliza matairi, aache kukodi ya mwenzake. Alizituma zote. Jumapili iliyofuata hakuja nyumbani, na mama hakusema kwa nini. Niliona hayo yote kwa macho ya mtoto, yaani niliona strungi na viazi, nikadhani nimeona gharama.

Siku ya kujiandikisha dada alinichukua twende sayba, duka la kompyuta za kukodi pale sentani, madukani Bahati. Mwenye sayba alikuwa kijana wa kofia ya sufu aliyetufungulia ukurasa, akaandika namba ya siri ya dada kwenye daftari lake kwa sababu wateja wake husahau. Muda ulikuwa ukihesabiwa kwa dakika. Katikati ya kujaza, baba akapiga simu kutoka Salgaa. Kelele za malori zilikuwa nyingi, dada akatoka nje amsikie.

"Wewe jaza majina, nakuja sasa hivi," akaniambia.

Nilikuwa hodari wa kompyuta, au nilijiona hivyo. Niliandika jina lake la kwanza, nikaandika la pili, nikabonyeza kwenda mbele kwa kidole cha kujivunia. Dada aliporudi alijaza yaliyobaki, mwenye sayba akalipa kwa kadi yake, naye akapokea pesa zetu mkononi, noti zimekunjwa ndogo ndogo. Mama aliiweka karatasi ya kibali cha kuingia mtihani ndani ya Biblia ya shosho.

Baada ya siku nne nilikuwa peke yangu nyumbani, nikaifungua Biblia nione tu jina la dada lilivyopigwa chapa. Halikuwa lake. Dada yangu anaitwa Nyambura. Pale palikuwa pameandikwa Nyambira. Kwenye kompyuta herufi hizo mbili zimekaa bega kwa bega, na kidole changu kilikuwa kimeteleza. Chini yake palikuwa na maandishi madogo, nikayasoma kwa kufuata kwa kucha: jina lisipofanana na la kitambulisho, mtahiniwa hataruhusiwa kuingia, na ada haitarudishwa.

Sijui kama umewahi kubeba kitu ndani ya tumbo kwa siku tisa. Nilimtazama dada akisoma mezani, amejifunika blanketi mabegani kwa baridi, akifanya hesabu nyuma ya kalenda za zamani, na kila aliponitazama nilidhani amejua. Sikumaliza chakula. Darasani mwalimu aliniita mara mbili sikusikia. Mama alisema nina minyoo, akaninunulia dawa, na hiyo dawa nayo ilikuwa pesa. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba woga wangu nao unalipiwa na watu wengine.

Jioni ya tisa, nikiwa nimeshika kope ya shosho, nililenga vibaya na tone likaangukia shavuni.

"Hilo limepotea," shosho akasema. "Na wewe umepotelea wapi?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote huku nimesimama nyuma yake ili asinione uso. Kuku walikuwa wanaingia bandani mmoja mmoja.

"Umeambia mama yako?"

"Hapana, shosho."

"Baba?"

"Hapana."

"Basi usiwaambie. Wamechoka hao. Kesho ukitoka shule, pitia kwa huyo kijana wa mashine umuulize kama hiyo kitu inarekebishika, na ni pesa ngapi."

Inarekebishika, kijana alisema, lakini kuna ada yake, na zimebaki siku sita tu kabla ya kufungwa. Nilipomtajia shosho kiasi hicho alikirudia polepole, kisha akaingia chumbani kwake. Alitoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Sikuuliza pesa hizo zilikuwa za nini. Nilijua. Chupa ya wakati huo ilikuwa imebakiza matone ya siku chache, na Jumatano iliyofuata ilikuwa siku ya kwenda mjini kununua nyingine.

Nataka uelewe hapa kwamba nilijua. Watu wazima hupenda kusema mtoto hakujua.

Mwenye sayba alihesabu pesa, akanitazama.

"Sista yako anajua hii maneno?"

"Shosho ndiye amenituma."

"Sawa. Wacha tupange hiyo jina." Akafungua daftari lake, akatafuta namba ya siri, na mara hii aliandika mwenyewe, akisoma kwenye karatasi niliyonakilia jina la kitambulisho cha dada, herufi baada ya herufi, kwa sauti. Hakunitoza karatasi ya kibali kipya wala dakika. Nilibadilisha kibali ndani ya Biblia kabla mama hajatoka shambani, kile cha zamani nikakichoma jikoni.

Ulipofika wakati chupa imekauka, shosho alikaa kwenye kigoda kama kawaida na kuinua uso.

"Shosho, imeisha."

"Najua. Wewe dondosha tu. Mama yako yuko hapo anatuona."

Nikaminya chupa tupu. Kulia, kushoto. Shosho akapepesa macho kama mtu aliyetiwa dawa, akanishukuru. Mama alipita na ndoo akatabasamu.

Siku ya mtihani baba alikuja kutoka Salgaa alfajiri akamchukua dada. Sikula siku hiyo. Niliogopa kwamba kijana wa sayba alibonyeza vibaya, kwamba mashine ilikataa, kwamba kule Nairobi kuna daftari jingine lenye jina la zamani. Dada alirudi jioni, uso umechoka, akasimulia akivua viatu.

"Pale mlangoni kuna mwanamke alishika kitambulisho na kibali, akapitisha kidole herufi moja moja. Mbele yangu kulikuwa na kijana jina lake limekosewa kidogo. Walimrudisha. Alilia kama mtoto, mama. Na wazazi wake wako hapo nje."

Nilitoka nikajifanya naenda kufunga kuku. Nilisimama nyuma ya banda mpaka giza likaingia.

Ungefikiri woga uliishia hapo. Ulihama tu. Dada alipita, chuo kikamwita, na kila wiki kukaja gharama nyingine ambayo hakuna aliyetutajia: pasipoti, vipimo vya hospitali, nauli za kwenda Nairobi na kurudi, ada ya viza. Kila mara shosho alitoa pesa za mayai na kusema dawa ameshanunua. Na kila jioni mimi niliminya chupa ile ile tupu. Mwezi mmoja, miwili, minne. Niliona shosho akimimina chai nje ya kikombe. Nilimwona akigusa ukuta kabla ya kupita mlangoni. Siku moja alimwita paka kwa jina langu, tukacheka sote, mimi nikacheka kuliko wote. Ningesema, ningelazimika kusema na habari ya herufi. Nilijiambia kesho nitasema. Nililala nikijiambia hivyo, nikaamka nikijiambia hivyo.

Mama alipogundua, ilikuwa ni kwa sababu shosho aliweka mkono ndani ya sufuria iliyokuwa motoni. Walikwenda mjini. Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki na kivuli. Mama alirudi amekasirika kwa namna ambayo sijaiona tena, akamuuliza shosho aliachaje dawa, na sisi tulikuwa tunamwona akitiwa kila siku.

"Nilisahau kununua," shosho alisema. "Huyu mtoto alikuwa anadondosha maji ya chumvi, nilimdanganya ni dawa."

Alisema uongo huo bila kugeuza uso upande wangu. Mama alinipapasa kichwa. Sijawahi kupapaswa kwa uchungu kama ule.

Dada aliondoka mwezi wa nane. Gari la kukodi lilisimama barabarani kwa sababu njia yetu ilikuwa tope, naye akateremka kwa miguu na baba amebeba sanduku kichwani. Mama alikwenda nao. Mimi na shosho tulibaki kwenye geti la mbao, mkono wake begani kwangu. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alielekeza uso barabarani, ingawa sehemu aliyoelekeza haikuwa ile ambayo dada alikuwa akipita.

"Amefika wapi?"

"Kwa ile miti ya msitu mdogo."

"Amegeuka?"

Dada alikuwa anatazama chini asiteleze. Alikuwa na viatu vipya.

"Ndiyo, shosho. Amegeuka. Anakupungia."

Shosho akainua mkono juu, akaupunga, akaendelea kuupunga muda mrefu baada ya gari kuondoka, mpaka nilipomwambia twende ndani kuna baridi.

Siku hizi sayba ile ni duka la mitungi ya gesi. Ile miti imekatwa, pamejengwa ploti za kukodisha. Mama anakunywa chai ya maziwa mazito na hataki kusikia habari ya strungi. Kigoda sijui kilikwenda wapi, na shosho tulimzika kule chini ya shamba, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka. Hakuna aliyebaki anayenuka moshi na maziwa.

Baada ya mazishi nilimpigia dada simu nikamwambia yote: herufi, kitambaa chenye fundo, chupa tupu. Alinitaka niirudie habari ya chupa. Kisha akasema, "Ningejua nisingeenda." Nilijibu kwamba ndiyo maana shosho hakusema. Tulilia kidogo, yeye kule ni mchana na mimi huku ni jioni, halafu akaniuliza kama shosho alimwona siku ile akiondoka, maana anajilaumu kwamba aliharakisha na hakumtazama hata mara moja.

Nikamwambia alimwona.