Jembe la Makaburini

Bibi yangu alitufundisha kwamba jembe lililochimba kaburi lazima lioshwe kabla ya kurudi nyumbani, la sivyo marehemu atalifuata mpaka shambani. Shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nililishika.

Mume wangu alipofariki, kaka zake wawili waliniita mchawi, wakanifukuza na shamba la ulezi wakalichukua. Siwafichi: ni yule mkubwa wa Ilemba, na mwenzake anayeimba kwaya. Nikahamia Malangali, nikaanza kuandika hadithi za kutisha.

Katika ya kwanza, ndugu wawili wanatoka kumzika ndugu yao wakiwa na jembe lenye udongo wa kaburi, wanaingia nalo moja kwa moja kwenye shamba la mjane wake. Kesho yake wanakuta matuta mapya, yamefukia majani ndani vizuri kabisa, kama alivyokuwa akilima marehemu.

Hadithi ikasomwa mpaka sokoni. Siku moja shemeji mkubwa akaja kwangu.

"Shemeji, hiyo kitu ifute. Mke wangu hataki tena kukanyaga lile shamba."

"Kwani jina lako limo?"

"Halimo."

"Sasa umejijuaje?"

Akainamisha kichwa. "Watu wananicheka, shemeji."

"Mimi mliponiita mchawi mbele ya watu, mlifuta neno gani?"

Akaondoka. Sikufuta hata nukta. Shamba bado wanalo wao, lakini mwaka huu limeota majani matupu, na hadithi ni yangu.