Nilijifunza sindano za Kichina, wa kunichoma kiuno akakosekana mpaka alipokuja mama

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mko wengi humu.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ni habari za Sumbawanga. Najua kuna watu wameshaanza utani wa radi za kutumiwa. Chekeni kwanza mmalize, nitawasubiri.

Tayari? Twende.

Miaka ile ya ujamaa, mkoa wa Rukwa ukiwa bado mchanga, nilikuwa mhudumu wa zahanati. Kijana, sijaoa, najiona najua kila kitu. Ikaja barua kwamba nimechaguliwa kwenda Dodoma miezi sita, kujifunza tiba ya sindano kwa madaktari wa Kichina.

Nilidhani ni sindano hizi za masaa, za bomba na dawa. Kumbe ni mambo mengine kabisa.

Mwalimu wetu tulimwita Daktari Chen. Mwembamba, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mwezi wa kwanza hatukugusa mtu. Alitupa mche wa sabuni na sindano nyembamba kama unywele, tukawa tunachoma sabuni asubuhi mpaka jioni. Sabuni yenyewe taimu zile dukani hakuna, sisi tunaitoboa. Roho ilikuwa inaniuma.

Mwezi wa pili akatufundisha kusikiliza mshipa. Unaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, huku na huku, unanyamaza. Kisha unaangalia ulimi. Kisha unauliza: unalalaje, baridi unaisikia wapi, maumivu yanahama au yamekaa. Alisema mwilini kuna njia, kama mifereji ya bustani, pakiziba huku kule panakauka. Ndiyo maana watu wawili wanaumwa kichwa, mmoja unamchoma mkononi, mwingine mguuni.

Sikuamini, honestly. Mpaka siku aliponichoma hapa kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikasikia uzito, kama mkono ulioulalia, unapanda hadi kwenye kiwiko.

Akaniuliza, "Imefika?"

Nikamwambia imefika, maana ule uzito ndio aliokuwa anautafuta.

Hapo akatupa sharti. Mahali ambapo wewe mwenyewe hujachomwa ukasikia imefika, usimchome mtu. Alitusimamisha mmoja mmoja, tukaahidi. Ikawa tunachomana wawili wawili, leo mkono, kesho goti.

Sasa wiki ya mgongo na kiuno, mwenzangu akalazwa na malaria. Nikabaki natazama wengine wanavyochomana. Kozi ikaisha, nikarudi nyumbani na kopo langu la sindano, kiuno changu hakijaguswa.

Nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa huku juu Ufipa. Jina sitaji, wajukuu zao wamo humu.

Mgonjwa wa kwanza wa sindano alikuwa mzee mmoja wa goti. Nikamsikiliza mshipa, nikaangalia ulimi, nikachoma. Akaitazama ile sindano imesimama yenyewe, haina bomba.

"Dawa iko wapi?"

"Haina dawa, mzee. Ni sindano tu."

Kisha akauliza taratibu, "Dawa yenyewe umempa nani?"

Wakuu, mnielewe. Watu wa wakati ule sindano waliipenda kuliko kidonge. Mtu akitoka zahanati hajachomwa anaona hajatibiwa. Na dawa zilikuwa za kugombania, walanguzi kila kona. Sasa huyu kijana anachoma watu chuma kitupu, maana yake nini? Dawa kaiuza.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja na wazee, wakakagua kabati, kila kitu kipo. Haikusaidia. Mtu akishasemwa amesemwa.

Hawakunitukana, Wafipa ni watu wa adabu. Walinisalimia vizuri, wakachukua vidonge dirishani, wakaenda zao. Ila pombe ya ulezi ikiiva hakuna anayeniita. Jumapili kanisani benchi langu lina nafasi tele.

Nilikaa hivyo miezi saba. Jioni nikitoka kazini nilikuwa najichoma mikononi na miguuni, najidanganya nafanya mazoezi. Ulikuwa upweke, hakuna jina lingine. Nilikuwa najiuliza kwa sauti kama imefika, halafu najijibu.

Msimu wa kulima ukaingia. Akaja mama yangu kutoka Pito, kijijini kwetu, kwa miguu, amepinda kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Kiuno kilikuwa kimemkamata, jembe halishikiki. Baba alishafariki, na mimi ndiye mwanaye pekee. Asipolima msimu ule, mwaka mzima hakuna mahindi wala ulezi.

Akajishusha kwenye benchi. "Mwanangu, nichome."

Nikamwambia siwezi.

Aliniangalia sana. "Kumbe ni kweli wanayosema njiani."

Hilo liliniuma kuliko miezi saba yote. Nikamweleza sharti la mwalimu. Nikamweleza kwamba nimejaribu kujichoma kiuno mwenyewe, mkono unafika ila sindano inakwenda upande, moja ilishapinda. Na kwamba kijiji kizima hakuna hata mmoja ninayeweza kumwomba anishikie mgongo.

Mama akafikiri. Akaniambia kwa Kifipa kwamba funza wa miguu yangu yote miwili aliwatoa yeye kwa pini, na nilikuwa msumbufu kuliko ndama.

"Vua shati ulale hapo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Nikachemsha sindano. Nikajipapasa kiunoni, nikaweka alama kwa kalamu. Nikamwonyesha kwenye kitambaa kilichokunjwa jinsi ya kuingiza na mahali pa kuishia, nikamwambia cha kuuliza. Akapiga ishara ya msalaba.

Ya kwanza iliishia kwenye ngozi, ikauma kweli kweli, nikavumilia. Ya pili ikaingia. Uzito ukashuka taratibu mpaka nyuma ya goti.

"Imefika?"

Nililia, wakuu. Maumivu hayakuwepo. Ni kwamba kwa miezi saba hakuna binadamu aliyekuwa ameniwekea mkono, hata begani. Mama aliacha kiganja chake pale mgongoni mpaka nikatulia.

Kisha ikawa zamu yake. Nikamchoma palepale nilipochomwa. Akalala usingizi juu ya kitanda cha zahanati, mchana kweupe, anakoroma.

Alikaa kwangu siku kumi na mbili, kila siku namchoma. Sitawadanganya, hakupona kabisa. Lakini alirudi Pito akalima, matuta machache kuliko mwaka wa nyuma, na hakulala njaa.

Na zile siku zote alikuwa anakaa kwenye benchi la nje. Kila anayekuja dirishani anamwambia, "Huyu nimemchoma mimi kwanza, na alilia."

Nilikuwa naona aibu balaa. Kumbe ananitengenezea jina.

Wiki iliyofuata mzee wa goti akarudi. Akavuta kiti. "Haya. Anza na wewe."

Nikajichoma goti langu mbele yake, akanitazama usoni muda wote. Kisha akakunja suruali. Tangu siku hiyo kijiji kile hakuna aliyekubali sindano mpaka nijichome kwanza. Kuna siku nilijichoma mara nane. Nadhani hapakuwa na magoti mazima kama yangu wilaya nzima.

Pombe ya ulezi nikaanza kuitwa.

Mama alishafariki, miaka mingi sasa. Mimi nimestaafu, niko Sumbawanga mjini. Mke wangu naye ametangulia, watoto wako mbali, wanapiga simu. Yule mwenzangu wa malaria sijui kama yu hai. Sikumfundisha mtu, nilikuwa nasubiri barua nyingine ije kutoka juu, ilete vijana wengine. Haikuja.

Kiuno kimenishika mwaka wa tatu huu. Vidonge nameza, hospitali naenda, naheshimu ushauri wao. Sindano zangu bado ninazo, nazing'arisha.

Funzo langu ni dogo. Ukiwa na kazi ya mikono, mfundishe mtu wakati bado una nguvu. Na ukiona mtu hapo mtaani kwako anasalimiwa tu, hakaribishwi kukaa, mkaribishe, hata kama hujui kosa lake.

Aliyepitia kozi zile, au mzazi wake alipitia, aandike hapo chini tukumbushane. Wanaotaka kubisha wabishe, nitawajibu wote, muda ninao mwingi sana.

Na kama uko Sumbawanga na mkono wako hautetemeki, niambie. Nakufundisha bure. Somo la kwanza utanichoma mimi, kiunoni.