Kapu la Bibi Pindo

Bibi Pindo, fundi cherehani ambaye hajawahi kumpa mteja nguo yenye uzi unaoning'inia, alikuwa na kompyuta. Aliachiwa na mwanawe alipohamia kazini mbali, na mwana huyo alitamka mbele ya watu: "Mama akiitumia, ni yake. Ikikaa bure, achukue mama mdogo." Mama mdogo ndiye mdogo wake Bibi Pindo. Tangu siku ile, kila akija kutembea, anaisalimia kompyuta kwanza, ndipo amsalimie dada yake.

Kusoma, Bibi Pindo hakusoma sana. Herufi anazijua kwa sura, kama majirani asiowajua majina. Kwa hiyo mkwewe alimwekea njia za mkato, vipicha vidogo kwenye kioo: cha kifungo cha shati kinafungua tovuti ya duka la vitambaa, cha redio kinafungua ya michezo ya kuigiza, cha wingu kinafungua ya hali ya hewa.

"Unabofya mara mbili tu, mama, upesi upesi."

Bibi akabofya kama anaua kunguni. Duka likafunguka. Siku hiyo alitembea kidevu juu hadi akajikwaa kizingitini.

Mdogo mtu alipopata habari, hakuamini. Akapiga simu. "Dada, kesho nakuja. Ukilifungua hilo duka mbele ya macho yangu, nanyamaza mpaka kaburini. Ukishindwa, naibeba."

"Njoo na macho yote mawili, na miwani juu!"

Sasa mgeni akija, nyumba lazima ing'ae. Bibi akafagia, akapiga deki, akafuta cherehani, halafu akakitazama kioo cha kompyuta. Loo! Vipicha vimezagaa kama nguo za kufuliwa. Pembeni ya kioo kuna kapu. Na kwa fundi, kapu si mchezo: ndimo anamotunza mabaki ya hariri, zipu nzima na vifungo vya nguo za maharusi. Akavikokota vipicha kimoja kimoja kwa kipanya, akavitia vyote kapuni. Kioo kikabaki safi.

"Hapo sawa," akasema.

Kesho yake mdogo mtu akaingia na shuka la kuifungia kompyuta. Akaketi, akakunja mikono. Bibi akafungua kapu, akakiona kifungo chake, akakibofya. Badala ya duka, kikaja kidirisha cha maneno matupu. Akabofya tena. Maneno.

"Duka limefungwa," akasema Bibi.

"Saa nne asubuhi?"

"Wamefiwa."

Mdogo mtu akalikunjua shuka. Bibi akamkamata mkono, na kwa mkono wa pili akampigia mkwewe.

"Mama, kapu gani? Lile la pembeni? Jamani, hilo ni la takataka!"

"Takataka? Nani anaweka takataka kwenye kapu safi namna hii?"

"Kikokote kifungo, mama, ukitoe nje. Usikibofye humo ndani."

Kwa simu begani na ulimi nje, Bibi akakishika kifungo na kukikokota. Kikamponyoka, kikarudi. Mdogo mtu akafunga fundo la kwanza la shuka kwenye pembe ya kompyuta. Bibi akakikokota tena, akakiachia katikati ya kioo, akabofya mara mbili kwa hasira zote za ujana wao.

Duka likafunguka. Vitambaa vikamwagika: vya maua, vya mistari, vya kumetameta.

"Haya, nyamaza!" akasema Bibi.

Mdogo mtu wala hakusikia. Shuka lilikuwa limefunguka na kuanguka sakafuni, na pua yake imegusa kioo. "Dada, hebu shusha chini... hapo! Hicho cha zambarau! Ala, kumbe na vitambaa vya mapazia wanauza? Sogea kidogo."

"Kiti ni changu."

"Kompyuta ni yako, nani kabisha? Mwambie mkweo aniwekee na mimi kapicha kangu hapo pembeni. Nitakuwa nakuja kila siku, asubuhi na jioni."

Bibi Pindo akalitazama lile shuka sakafuni, na kwa mara ya kwanza akafikiria kuifungia kompyuta yeye mwenyewe.