Aliyekuja Kutupatanisha

Kabla hajaja mtu wa kutupatanisha, mimi na rafiki yangu hatukuwa na ugomvi wowote. Tulipanga vyumba viwili vilivyopakana katika ploti moja ya Nawoitorong, hapa Lodwar. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alifanya kazi Kakuma, akiwafundisha wakimbizi kunawa mikono, na kila Ijumaa alirudi na gari la kazini akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Jumamosi tulisukana nywele na kuwasengenya watu wote tuliowafahamu, bila ubaguzi wa kabila wala dini.

Ndipo akampenda afisa wa amani.

Kijana huyo alitoka Kenya, kama tunavyosema huku Turkana tukimaanisha kila kitu kilicho ng'ambo ya Kitale. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha wenyeji na wakimbizi waliogombania kuni na maji. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia mifukoni, na alizungumza kwa upole wa daktari aliyeficha sindano mgongoni. Sikumchukia. Nilimwona tu mrefu kupita kiasi kwa chumba changu.

Rafiki yangu akaanza kubadilika mdomo. Nikimwambia chumvi imezidi, ananijibu, "Naheshimu mchango wako." Jumamosi mbili hakuja. Ya tatu alikuja naye, tayari wamechumbiana, na nilipokuwa nikiwapakulia samaki wa Kalokol nikasema kwa mzaha, "Karibuni. Nilishazoea kula na ukuta."

Yule bwana akaacha kula. "Madam, nasikia uchungu hapo."

"Ni mzaha, ndugu yangu."

"Mzaha huo una kitu ndani," akasema, akamgeukia mpenzi wake. "Nyinyi wawili mna jambo. Nitawasaidia."

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi kubwa za manila na kalamu za rangi. Akazibandika ukutani, juu ya kalenda yangu, akatuketisha tukitazamana. Kila mmoja angesema linalomuuma, na mwenzake asijibu, asikilize tu. Tulicheka mpaka rafiki yangu akashika mbavu. Afisa akatungojea tumalize, kwa subira ya mtu aliyezoea kuwangojea wanaume wenye bunduki.

"Hapa ni mahali salama," akasema.

Basi rafiki yangu akajaribu, ili kumpendeza. Akasema humuudhi nikivaa viatu vyake bila kumuuliza. Nami nikasema huniudhi akizima redio yangu. Afisa akaandika yote mawili kwa rangi tofauti. "Sasa twende ndani zaidi," akasema.

Tukaenda. Rafiki yangu akasema kwamba kila mwanamume aliyemleta nyumbani nilimfanya kichekesho, mpaka na yeye mwenyewe akaanza kumwona kichekesho. Hakujua kama ulikuwa utani au nilitaka tu asiondoke. Sikuruhusiwa kujibu, kwa hiyo maneno yakanijaa kifuani, na zamu yangu ilipofika nikasema, "Wewe unaolewa kwa sababu unaogopa kuzeekea kwenye ploti hii pamoja na mimi."

Afisa akaandika: HOFU YA KUBAKI. Akapiga mstari chini yake. "Tumepiga hatua," akasema, uso umemng'aa.

Mama mwenye ploti akachungulia mlangoni. Akaona makaratasi, akaona sisi wawili tunalia.

"Ejok?" akauliza, yaani kwema? "Nani nakufa?"

"Hakuna mtu, mama. Tunapatanishwa."

"Sasa nani naleta ugomvi?"

Afisa akatuomba tushikane mikono apige picha, maana mkutano wowote wa amani lazima uwe na picha. Tulishikana, tukatabasamu, na baada ya hapo hatukusemezana tena. Rafiki yangu akahamia Kakuma kabisa. Mimi nikawa nasukwa na dada mmoja wa saluni aliyevuta nywele kama anafunga punda, tena hakumjua hata mtu mmoja wa kusengenywa.

Mvua zilikuja zikaondoka. Siku moja wakati wa mapumziko nikamwona rafiki yangu amesimama kando ya tangi la maji la shule.

"Nimechoka kusikilizwa," akasema, hata salamu hakutoa. "Nikimkasirikia, anatikisa kichwa. Nikimwambia miguu yake inanuka, ananiambia anaelewa ninavyojisikia. Mimi nataka mtu anitukane kidogo."

"Umenenepa," nikamwambia, "na gauni hilo linakusengenya."

Akaniangukia begani akicheka, kisha akalia, watoto wa darasa la nne wametuzunguka wanatazama. Hatukuombana radhi. Nilimuuliza kama kweli aliogopa kubaki. Akasema ndiyo, kidogo, lakini anampenda vilevile. Naye akaniuliza kama kweli nilitaka asiondoke. Nikasema ndiyo, tena si kidogo.

Harusi ilifanyika Kakuma, kanisa limejaa hadi nje. Kwaya ya Wakongo iliimba mpaka jenereta ikazimika, wakaendelea bila vipaza sauti, na hakuna aliyeona tofauti. Bwana harusi alipopewa nafasi ya kusema, alianza kuwashukuru wadau wote kwa ushirikiano wao. Bibi harusi akamvuta koti.

"Kaa chini," akamwambia, kanisa zima likisikia.

Akakaa. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba wale wawili huenda watawezana.